Siku Kumi na Nne za Zakayo

Kuna aibu za kujikwaa mbele ya watu ukaanguka, ukainuka, ukajikung'uta vumbi na kwenda zako, na hizo nimezipata nyingi wala sizihesabu, lakini hii ya leo nimeificha miaka mingi na ningeendelea kuificha kama si kwamba wote walioiona kwa macho yao bado wanaisimulia, na wanaisimulia vibaya, wanaongeza chumvi mahali ambapo haihitajiki hata punje. Basi afadhali niiseme mwenyewe. Ndiyo, ni mimi Jotamu niliyesimama kanisani nikaeleza habari za kitanda changu kwa sauti ya kuitia ng'ombe, na mama mkwe wangu akiwa nyuma yangu anasikiliza. Chekeni kwanza, mkimaliza mniambie niendelee.

Tulikuwa tunafanya kazi kwa Kaburu mmoja tuliyemwita Bwana Kofia, upande wa kule panapoitwa Ziwa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Sisibo, maana hivyo ndivyo tulivyouita mji wa Eldoret siku zile. Vita vya pili vilikuwa vimeisha juzi juzi tu na vijana wengi kutoka Bungoma tulikuwa tumepanda huku kwenye baridi kutafuta kazi. Mimi nilikuwa mkamuaji, na sijisifu bure nikisema nilikuwa mkamuaji mzuri, ng'ombe kumi asubuhi kabla ya jua na hao hao kumi tena alasiri, mikono haichoki wala ndoo haimwagiki. Tena nilikuwa nimeoa. Ndoa ya kanisa, ya pete, mwezi mmoja tu umepita, nimemwoa Naomi, msichana mmoja mrefu mtulivu ambaye akicheka hatoi sauti, anacheka kwa mabega. Mwanamume gani angelalamika?

Nilianza kuchoka. Si uchovu ule wa kawaida wa kupiga miayo, hapana, uchovu wa miguu kuwa mizito na macho kujifunga yenyewe mchana kweupe. Wiki hiyo hiyo mama mkwe wangu alikuwa amefika kutoka nyumbani kwa ajili ya macho yake (yalikuwa yameingia ukungu, akawa anapelekwa hospitali mjini mara moja kwa wiki na gari la maziwa), akafikia kwa Shangazi Rasoa, dada ya baba yake Naomi, ambaye nyumba yake iko pale katikati ya kambi, kwenye njia ya kwenda zizini. Nami kama mtu aliyelelewa vizuri nikabadilisha njia. Mnajua kwetu mkwe na mama mkwe hawapitani uso kwa uso, ukimwona mbali unaingia hata kwenye miiba, na yeye alikuwa mtu wa kukaa nje mlangoni tangu kabla ya majogoo, anaomba, mpaka jua linazama. Kwa hiyo nikawa nazunguka, nashuka hadi bwawani, napita msitu wa miwati, natokea kwenye barabara kuu na kuingilia geti la mbele. Lakini hayo niliyaona ni mambo ya adabu tu, hayana uhusiano na uchovu wangu, na ndiyo maana sikuyawaza tena.

Asubuhi moja nikalala kazini. Nilikuwa nimeegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe mmoja anaitwa Dezi, joto zuri, maziwa yanalia ndani ya ndoo, na jambo lililofuata ninalokumbuka ni mimi kuwa chini kwenye samadi, ndoo imepinduka, Dezi amesogea zake kama mtu aliyeacha kiti, na nyapara wetu Arap Keter amesimama juu yangu.

“Wewe Jotamu,” akasema, “ng'ombe si mto ya kulalia. Hata kama uko na bibi mpya.”

Zizi zima likacheka. Kuanzia hapo maneno hayakwisha. Nikipita, mmoja anauliza kama nimelala vizuri, mwingine anajibu kwa niaba yangu kwamba bwana arusi halali, na mwingine ananiletea kigoda, “kaa mzee, usije ukavunjika.” Nikaanza kuamini. Mtu akiambiwa jambo moja na watu kumi, tena wote wanacheka, anaona kweli ipo. Nikahesabu vidole: nilipokuwa kapera nilikuwa na nguvu, nimeoa nimechoka. Sasa hapo unahitaji mwalimu wa nini?

Na hapa ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulionimaliza. Nilikwenda kumwuliza Zakayo.

Zakayo alikuwa mpishi wa vibarua, na wakati wa vita alikuwa mfagiaji katika hospitali moja ya jeshi, na kwa kufagia miaka mitatu chini ya vitanda vya wagonjwa alikuwa amejifunza udaktari wote. Alikuwa na miaka arobaini na hajaoa. (Leo nikikumbuka hilo najipiga kofi, lakini siku ile nililichukua kama ushahidi kwamba nguvu zake zote bado ziko ndani.) Akanisikiliza huku anakoroga sufuria, akanivuta jicho la chini kwa kidole, akatazama, akaguna.

“Umekwisha,” akasema.

“Nimekwisha kabisa?”

“Si kabisa. Sikiliza. Mwanamume ni debe. Ukimwaga, lazima usubiri lijae, na halijai siku moja. Mara moja, siku saba. Wewe umemwaga mara ngapi tangu harusi?”

Nikamwambia. Akaacha kukoroga.

“Basi mpaka krismasi,” akasema, kisha akanihurumia, akapunguza. “Siku kumi na nne. Usilale nyumba moja na yeye, maana hata joto lake linavuta. Kunywa supu ya kwato asubuhi na jioni. Na usimwambie sababu. Mwanamke akijua nguvu zako zina kikomo, hawezi kukuheshimu.”

Siku kumi na nne! Nilirudi nyumbani nikamwambia Naomi kwamba mgongo unaniuma, nitalala stoo ya pumba kule zizini, magunia yananyoosha mgongo. Akapasha maji moto, akaniambia nilale kifudifudi anikande. Nikaruka kama nimeguswa na kaa la moto. “Usiniguse!” nikasema, na nilisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Akashusha karai polepole. Nami nikajikunjia blanketi langu kwapani nikaondoka, najiona mwanamume mwenye msimamo.

Nisiwadanganye, nilizidi kuchoka. Kwenye stoo kulikuwa na panya wa ukubwa wa kusalimiwa, na supu ya kwato ilikuwa inakaa tumboni kama jiwe, na kwa kuwa chakula nilikuwa bado nakula nyumbani, ile safari ya bwawani ilikuwa pale pale. Nilipomwambia Zakayo kwamba sasa hata kunyanyua ndoo ni shida, akafurahi sana. “Umeona? Dawa inafanya kazi. Mwili unachimba msingi.” Siku ya sita Dezi alitumbukiza mguu ndani ya ndoo mimi nikiangalia, nikaona nimkemee, usingizi ukanipitia kabla sijafungua mdomo. Bwana Kofia akasema likitokea la tatu atatia sahihi kwenye kipande changu, kile cheti cha kazi, nikatafute kazi kwingine.

Kumbe nyumbani mambo yalikuwa yanachemka. Naomi alikaa siku saba hakusema kitu, anapika, ananiwekea, anakaa mbali. Siku ya nane akaenda kwa shangazi yake, kama inavyotakiwa, maana mambo ya namna hiyo kwetu mtoto hampelekei mama yake mzazi, anampelekea shangazi. Na Shangazi Rasoa hakuwa mtu wa kukalia jambo. Jumamosi alinikuta kisimani akanisimamisha.

“Jotamu, msichana wetu amekukosea nini?”

“Hajanikosea, Shangazi.”

“Basi kama hajakukosea na umemhama, humtaki. Mama yake anamaliza matibabu wiki hii. Wakirudi nyumbani, watarudi wote wawili. Sanduku tayari limefungwa. Kesho utasema mbele ya wazee wa kanisa.”

Nilibaki pale kisimani na debe tupu. Sikuwahi kufikiri kwamba Naomi anaweza kuondoka, nilifikiri tu jinsi nitakavyokuwa na nguvu, na kumbe nitakuwa na nguvu peke yangu. Niliogopa, nawaambia kweli. Ningekwenda kwake saa ile ile nikamweleza, mambo yangeisha hapo kwa kicheko, lakini Zakayo alikuwa ameshaniambia habari ya heshima, na heshima nikiishika naishika vibaya.

Jumapili ibada ikaisha, na badala ya watu kwenda nyumbani wakabaki, kwa sababu mvua ilikuwa imetanda (hivyo ndivyo walivyosema wote, mvua, mvua, hata wale wenye nyumba hatua ishirini kutoka kanisani). Kanisa letu lilikuwa la udongo lakini paa lake la mabati. Mzee Musa, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wazee wa kanisa, mtu mwenye sauti ya upole sana, akaniita mbele. Naomi alikuwa amekaa benchi la wanawake, ameinamisha kichwa. Mama mkwe hakuwapo ndani, maana yeye naye alijua adabu, kesi ya mkwe wake haiwezi kusikilizwa mbele yake, kwa hiyo Shangazi alikuwa amemketisha nje, upande wa ukuta, asubiri.

Mvua ikaanza. Mnajua mvua ya Uasin Gishu juu ya mabati, ukiongea bila kupiga kelele hata wewe mwenyewe hujisikii.

“Ndugu yetu Jotamu,” Mzee Musa akajitahidi kupaza sauti, “umehama nyumba yako siku tisa. Tunakuuliza kwa upendo. Kuna mwanamke mwingine?”

“Hapana, Mzee!”

“Umerudia busaa?”

“Hapana!”

Akatazama wazee wenzake, akakohoa, akaivuta Biblia karibu. “Basi... ni ugonjwa? Ule wa kiume?”

Kwenye benchi la wanawake nikaona leso zinaziba midomo. Na Arap Keter, ambaye alikuwa amekaa safu ya mbele na viatu vyake vya Jumapili, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama ng'ombe wake mmoja ameanguka. Hapo damu ikanipanda. Kuitwa mzinzi ningevumilia, kuitwa mlevi nimeshazoea, lakini hilo la tatu, mimi, kijana wa miaka ishirini na minne, mbele ya vibarua wote wa Bwana Kofia? Nikawageukia wazee, mgongo wangu ukawa kwa mlango, nikaanza kuwafundisha.

“Mimi si mgonjwa!” nikapiga kelele kuishinda mvua. “Nguvu ninazo, na hiyo ndiyo shida yenyewe, nimezitumia nyingi mno! Mwanamume ni debe!” Nikaeleza debe. Nikaeleza siku saba. Nikaeleza krismasi. Nikasema supu ya kwato mara mbili kwa siku na kwamba zimebaki siku tano nijae. Mzee Musa alikuwa ananiashiria kwa mkono ninyamaze, na mimi nikadhani ananiambia niongeze sauti, mvua imemzidi, nikaongeza. “Tangu siku ya harusi sijapumzika hata usiku mmoja! Hata mmoja! Hata Jumapili!”

Na mvua ikakatika. Ghafla, kama zinavyokatika huku kwetu juu. Lile “Jumapili” likabaki peke yake ndani ya kanisa.

Kisha nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Kikohozi cha mama, chembamba, cha mtu anayeomba radhi kwa kuwapo. Mvua ilikuwa imemfukuza pale ukutani, Shangazi alikuwa amemshika mkono akamwingiza ndani, na walikuwa wamesimama mlangoni muda wote, tangu kwenye debe.

Sikuweza kukimbia, mlango wenyewe ndio alioushika. Nikavua koti langu nikajifunika kichwa. Nawaambia, nilisimama mbele ya kanisa nimefunikwa na koti, naona giza tu na kusikia harufu ya maziwa yangu mwenyewe, na kesi ikaendelea, kwa sababu Mzee Musa hakujua afanye nini kingine.

Ndipo mama mkwe akasema. Hakusema nami, hilo halifanyiki, alisema na Mzee Musa. “Baba, mwulizeni mtu huyo anapita njia gani kwenda kazini.”

Mzee Musa akaniuliza. Nikajibu ndani ya koti, nikataja bwawa, miwati, barabara kuu, geti la mbele.

“Kwa sababu gani?”

“Adabu, Mzee.”

“Mwambieni,” mama akasema, “mimi sioni hata huu mlango, lakini masikio ni mazima. Kila siku nasikia buti zinakuja mpaka kona ya ghala la mahindi. Zinasimama. Kisha zinageuka zinakwenda mbali. Zinarudi baada ya maziwa, zinakwenda tena alasiri, zinarudi tena. Mara nne. Mimi nikamshukuru Mungu kwa kunipa mkwe mwenye heshima. Sikujua hana hesabu.”

Nikasikia Arap Keter anahesabu kwa sauti. “Ile njia ya bwawa ni saa moja kamili. Mara nne, masaa mane. Kila siku! Mimi nilikuwa nashangaa kwa nini huyu anaingilia geti ya barabara kama mgeni.” Akaanza kucheka, na mzee huyo akianza hamalizi, na kanisa lote likamfuata, wazee, wanawake, mpaka Mzee Musa aliyekuwa anajaribu kutafuta wimbo wa kufungia. Nilichungulia kwenye mkono wa koti kumtafuta Zakayo anitetee. Dirisha la upande wake lilikuwa wazi na yeye hayupo.

Mama mkwe akamaliza neno lake. “Mwambieni mwenye buti apite njia fupi. Akifika kwenye ghala akohoe, nami nitageuza uso ukutani. Na mambo ya Jumapili mimi sikuyasikia, mvua ilikuwa kubwa.” Mungu ambariki mama yule, alisema hivyo kwa sauti tambarare kabisa, kanisa likalipuka upya.

Lakini mabega ya Naomi hayakuwa yanacheka. Niliyaona.

Nilimkuta nyumbani amekaa juu ya sanduku lake, limefungwa kamba ya katani. Nikakaa chini. Nikamwambia nisamehe, nikaanza na Zakayo, akanikatiza.

“Zakayo ulimwuliza. Mimi niko hapa hapa, hukuniuliza,” akasema. “Siku tisa nimekuwa nikikoga mara mbili kwa siku, Jotamu, na baridi hii. Nilidhani nanuka.”

Yale yote ya kanisani, koti, Jumapili, kicheko cha Arap Keter, hayakuniumiza kama neno hilo. Nililia. Mwanamume mzima, debe zima, nililia pale chini na sikujali nani anapita nje. Yeye akainama akaanza kufungua kamba ya sanduku, fundo moja moja, na nilipoona kitenge cha kwanza kimetoka nikajua haendi. Nikasimama upesi nikachukue blanketi langu kule stoo.

“Unakwenda wapi?”

“Kuleta blanketi.”

“La nini? Daktari wako alisema siku ngapi?”

“Kumi na nne, lakini si umesikia mwenyewe, ilikuwa ni miguu tu...”

“Umemaliza tisa. Dawa haikatizwi katikati, Jotamu. Tano zimebaki,” akasema, na hapo ndipo mabega yakaanza kutikisika.

Nimeapa tangu siku ile kwamba jambo la nyumba yangu sitampelekea tena kapera, hata awe amefagia hospitali zote za dunia, na nikichoka, mtu wa kwanza kusikia ni yule anayelala karibu nami. Nililipia kiapo hicho siku tano nzima. Jumatatu nilipita njia fupi, nikakohoa kwenye ghala, mama akageuza uso, na kwa dakika tano nikawa zizini. Kufikia Jumanne uchovu wote ulikuwa umekwisha. Kufikia Jumatano nilikuwa na nguvu ambazo sikuwahi kuwa nazo tangu nizaliwe, nakamua ng'ombe kumi kisha naomba wa jirani, na Alhamisi, na Ijumaa vile vile, na kila jioni nakula, nashukuru, nachukua blanketi langu, naenda kulala na panya.